Jiwe la Nyamizi

Saa moja na nusu asubuhi, kila siku ya kazi, Sedekia alifungua chumba cha kompyuta cha ofisi moja mjini Mbeya, akapangusa vumbi, akaanza kuingiza kadi zilizotobolewa. Programu iliyoiongoza mashine aliiandika yeye mwenyewe. Mashine iliweza kazi moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo programu ilipanga foleni, na kila kadi ilikuwa na daraja. Za wakubwa zilikuwa daraja la kwanza. Za wafugaji wa Usangu zilikuwa la tisa.

Kadi ya Nyamizi iliingia Machi 1972. Yeye na mumewe Nkuba walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakiomba kibali cha kukaa. Siku hiyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Kazi ikisimama ndani ya mashine, mwenye kadi naye husimama, na Machi 1975 mimba ilikuwa bado ya miezi minane. Ikupa, mkunga wa mtaa wa Ilomba mjini hapo aliyempa chumba, alimpima kila Jumatatu, akaandika "minane", akamwita mwingine.

Barazani pa ofisi Nyamizi alikuwa ameweka jiwe la kushikia nafasi, kama watu wote wa foleni. Lilikuwa la kwanza. Wakubwa hawakuweka mawe.

"Mwanangu, huyu mtoto ananipiga mateke mwaka wa tatu sasa," alimwambia Sedekia. "Amechoka. Na mimi nimechoka."

"Kadi yako ipo, mama. Kila zamu yake ikikaribia, inaingia ya mkubwa."

Sedekia aliona aibu, na alistahili kuiona. Dawa aliijua: kila mwezi wa kungoja uipandishe kadi daraja moja, mpaka hata ya mfugaji ifike juu. Aliandika kanuni hiyo, akampelekea mkuu wake, Ndugu Asukile, ambaye wiki ile mashine ilikuwa ikimpangia viti vya harusi ya binti yake.

"Safi sana," alisema Asukile, akagonga muhuri. "Iingize kwa utaratibu."

Kwa utaratibu, marekebisho yote yalikuwa daraja la tisa. Sedekia aliiweka kadi yake yenye kanuni hiyo nyuma ya ile ya Nyamizi. Kuanzia siku hiyo ndevu zake hazikuota tena, akamgawia jirani wembe wake.

Alipoelezwa, Nyamizi alitoka barazani, akaokota jiwe dogo, akaliweka nyuma ya lake. Hilo lilikuwa la mtoto.