Matanga ya Mkorea

Kwa miaka mingi laini nzima, zile nyumba za wafanyakazi wa majani chai, ilimwita Bosibori Mama Kebaso. Halafu Kebaso, mwanawe wa kiume, akafa, na kesho yake majirani wakaanza kumwita Mama Mongina, kama watu waliokaa kikao wakapiga kura. Hakuna aliyemuuliza. Aliitika tu, angefanya nini?

Kebaso alijitoa uhai. Na kwa wazee wa ukoo wa Omariba, mume wa Bosibori, mtu wa namna hiyo haliliwi. Hakaliwi matanga, hawekewi picha, haimbiwi. Walimtoa huku Kericho kwenye majani chai, wakapita mpakani Chepilat giza likiingia, wakamzika pembeni mwa shamba la nyumbani, haraka haraka kama watu wanaoficha mali ya wizi. Pasta alisema ana mkutano. Mkutano! Watu wa Mungu nao wana mambo.

Kabla gari halijageuza, mzee mmoja alimnyooshea Bosibori fimbo. "Sikia, mama. Chozi lako likianguka, kifo kitalifuata mpaka kwa huyu msichana aliyebaki. Usije ukasema hukuambiwa."

Wako wazee, nakwambia, ambao midomo yao ingefaa kushonwa. Lakini Bosibori alimwangalia Mongina, mtoto pekee aliyebaki, akameza kilio chake kizima kizima. Kikamkaa kooni mwaka mzima. Akichuma majani kilikuwa hapo, akiimba kanisani kilikuwa hapo.

Waliporudi, Omariba alikusanya picha zote za Kebaso akazitia kwenye jiko. Moja tu ilimponyoka, ile ya kwenye kadi yake ya kazi. Bosibori aliizika ndani ya debe la unga, chini kabisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuitazama. Aliogopa macho yake mwenyewe.

Mongina naye akahamia Korea. Mwili ulibaki kitandani pale kwenye chumba cha kampuni, na simu mkononi, lakini yeye alikuwa Korea. Nyimbo zao alizijua. Chakula chao alikijua, hata kabichi yao ya pilipili inayochachishwa. Wabunge wa huko wakishikana mashati mchana, jioni Mongina anaweza kukuambia nani alianza. Waziri wa nchi yake mwenyewe hamjui hata kwa jina.

"Balozi wa Korea, chai iko tayari," Bosibori humtania, na msichana hucheka kidogo. Kile kicheko kidogo kilimtosha mama. Alinunua bando la intaneti kabla ya kununua sukari. Mtoto anayeangalia simu yuko hai, ndivyo alivyojiambia.

Basi wiki hiyo kijana mmoja mwimbaji wa huko, jina lake Seol-u, akafa. Mongina akageukia ukuta. Hakula Ijumaa, hakula Jumamosi. Alilia bila sauti, mto ukalowa.

Bosibori alishikwa na hofu ambayo simtakii mama yeyote. Kifo kilikuwa kimekuja kuchukua deni lake, alijua. Sasa ni chozi gani liliponyoka? Alijichunguza kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Vitunguu? Ule moshi wa kuni mbichi uliomtoa machozi juzi, nao ulihesabiwa?

Jumapili baada ya kanisa, mvua ikipiga mabati, alimpelekea uji. Mongina hakugeuka. Hofu ikageuka hasira, maana hasira ni nyepesi kubeba.

"Unamlilia Mkorea! Alikujua wewe? Alishawahi kukununulia hata andazi? Na ndugu yako wa tumbo moja hukumtolea hata..."

Akakatiza hapo. Alikuwa amechelewa.

Mongina aliketi. Macho yamevimba, nywele zimesimama. "Mlinikataza! Ninyi ndio mlinikataza, Mum! Nilikuwa nimesimama hapo hapo nyuma yako. Nilimsikia yule mzee."

Bosibori akaweka kikombe chini. Ndipo akaiona simu juu ya blanketi. Palikuwa na picha kubwa ya kijana anayetabasamu, imezungushiwa utepe mweusi na maua meupe mengi. Watu wamepanga foleni barabarani kwenye baridi, wamevaa nyeusi. Kila anayefika mbele anainama mpaka chini.

"Hao ni nani?"

"Watu tu. Wamekuja kulia. Ni siku tatu, Mum. Wanakula supu pale pale, wengine wanalala."

"Wanakaa matanga."

"Wanakaa matanga."

Bosibori alisogeza uso karibu. Kulikuwa na mwanamke wa makamo, ameshikwa mikono pande zote mbili, kinywa wazi. Alikuwa akilia kama mtu ambaye hakuambiwa na yeyote anyamaze.

"Huyo ndiye mama yake?"

"Ndiye."

"Kijana aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikwenda vile Kebaso alikwenda."

"Yaya," Bosibori alisema kwa Kigusii. Hapana. "Unanidanganya."

"Vile vile, Mum. Kila mtu anajua. Na wanamlilia."

Mvua ilizidi. Bosibori alirudi kwenye ile picha, kwa yule mama, na wivu ukamchoma, wivu mbaya kabisa, wa kumwonea mwenzako kilio. Wanasema msiba wa wengi ni harusi. Wake yeye ulikuwa wa mtu mmoja, na huyo mmoja amezibwa mdomo.

"Huko mimi naruhusiwa," Mongina alisema polepole. "Naandika tu kwamba ninalia. Mtu wa Ufilipino ananiambia pole, mtu wa Brazil ananiambia pole. Hakuna anayeniuliza ninamlilia nani." Alifuta pua kwa kiganja. "Hapa nyumba imenyamaza sana, Mum. Kuna siku nilitaka kumfuata Kebaso. Hata juzi."

Bosibori akaketi kitandani. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Msemo huo aliusikia tangu utotoni na akadhani ni wa watu wanaokataa kwenda hospitali. Mwaka mzima alilinda mlango wa mbele kwa meno yote, na kifo kilikuwa ndani kinapiga soga na mtoto wake.

Alimshika Mongina mikono yote miwili. "Ukitaka tena kumfuata, unaniamsha. Hata kama nimelala, hata kama nimechoka kufa. Unanipiga kofi naamka. Umesikia?"

Mongina aliitikia kwa kichwa.

Kisha Bosibori akasimama, akaenda kwenye debe, akaingiza mkono kwenye unga mpaka kwapani. Kadi ikatoka nyeupe tupu. Aliipangusa kwa pindo la leso, na uso wa Kebaso ukajitokeza kidogo kidogo, paji, kisha macho, kisha ule mdomo wake wa kutaka kucheka mbele ya mpiga picha. Mwanangu mzuri, aliwaza. Akaiegemeza kwenye thermosi ya chai katikati ya meza. Maua hawakuwa nayo. Mongina alitoka mvuani, akarudi na tawi la majani chai, akaliweka mbele ya picha. Akainama kama wale wa foleni.

Hapo koo la Bosibori likafunguka.

Alilia kwa Kigusii, kwa sauti ya mtu aliyefiwa sasa hivi, akimwita Kebaso jina lake na majina ya babu zake. Mongina alimdaka, wakalia pamoja. Na kwenye laini, ukilia hivyo, watu huja. Alitangulia Jerusa, jirani wa ukuta mmoja, gunia kichwani kwa ajili ya mvua, nyuma yake wanawake wengine.

"Uwi! Nani amekufa?"

"Kebaso."

Jerusa alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Kebaso si alikufa mwaka jana?"

"Alikufa mwaka jana. Tunalia leo."

Jerusa akaiona kadi mezani. Alirudi kinyumenyume, akavuta watoto wake kwa mashati. Wanawake wakatawanyika mmoja mmoja, bila pole, bila kuketi. Jerusa huyo huyo waliyekopeshana chumvi miaka yote! Lakini nao walikuwa na watoto, na woga ni woga.

Omariba alifika akikimbia kutoka kantini, ambako alikuwa akicheza drafti. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka.

"Nyamaza! Unataka kuniulia na huyu?"

"Alikuwa anakufa tayari, Baba Kebaso."

Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Omariba alirudi nyuma hatua moja kama aliyepigwa.

"Muulize," Bosibori alisema. "Muulize mtoto wako juzi alitaka kufanya nini, sisi tukiwa tumenyamaza vizuri."

Omariba alimtazama Mongina, na Mongina hakuficha macho. Alipogeuka, akakutana na kadi kwenye thermosi. Uso aliouchoma kwa mkono wake ulikuwa ukimwangalia, unga bado umebaki kwenye nyusi. Alinyoosha mkono. Bosibori alijua anaenda kuinyakua, akajiandaa kupigana naye kama simba jike. Lakini Omariba aliupangusa tu ule unga kwa kidole gumba.

Nje, majirani walikuwa kwenye vibaraza vyao wakisubiri amnyamazishe mkewe. Aliufunga mlango.

"Punguza sauti, Mama Kebaso," alisema.

Hakupunguza.