Mche wa Sabuni na Bunduki Mbili

Kilichoniamsha ni punje za risasi zilizokuwa zikigongana ndani ya kopo la kakao. Kulikuwa bado giza. Mwanangu Revelian alikuwa anazichagua moja moja kwa vidole, zilizobonyea anaziweka kando, maana punje iliyobonyea haiendi inakotumwa. Kisha nje mtu akakohoa. Huyo alikuwa Matar, jirani yetu. Alikohoa badala ya kubisha hodi ili asiniamshe. Nilikuwa macho, lakini nilitulia kimya kitandani, wasije wakajua kwamba huruma yao imepotea bure.

Tulikuwa tunakaa Temeke, mwaka wa hamsini na nne. Revelian alikuwa karani wa reli, bado hajaoa, na mimi nilikuwa nimekuja kutoka Bukoba kukaa naye baada ya baba yake kufariki. Matar alikuwa Mwarabu wa hapohapo, mwenye duka la kona. Kila Jumapili alfajiri walikwenda mashamba ya Yombo kuwinda kwale, na walirudi kabla ya misa ya pili.

Bunduki yao ilikuwa ya upepo, siyo ya baruti. Unaukunja mtutu kwa chini, springi inakaza ndani, unatia punje moja yenye kiuno kama cha nyigu, unaufunga mtutu, unapiga. Haitoi moshi, na mlio wake ni kama mtu aliyepiga kofi mara moja. Revelian ndiye aliyeibeba. Matar alibeba kisu. Kwale akianguka, Matar anakimbia, anamuwahi akiwa bado hai, anataja jina la Mungu na kumchinja. Nyumbani kwao ndege aliyekutwa keshakufa kwa risasi hawamli. Akichinjwa hivyo, tulikula wote, nyumba ya Wakristo na nyumba ya Waislamu, sinia moja.

Aliyekula nami kwenye sinia hilo alikuwa Bi Bahiya, mama yake Matar. Nilipofika Temeke sikujua hata kukuna nazi. Watu walisema haraka, nami Kiswahili changu kilikuwa cha kutafuta neno. Siku moja nilipouliza kitu sokoni wakacheka. Bi Bahiya alinikuta siku hiyo nimesimama na nazi mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka kwake, akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia, na kila nilipokosea aliishika mikono yangu kwa mikono yake. Siku ya pili nilipeleka viazi vitamu, tukala. Baadaye kwale wakaanza kupatikana, nikawa nampikia kila Jumapili kwa nazi. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hakwenda kwa mtu mwingine yeyote ila kwangu. Nami sikuwa na mtu mwingine.

Jumapili hiyo walirudi na kwale wawili na habari mbaya. Springi ya bunduki ilikuwa imekatika.

"Imekufa kabisa," Revelian alisema. "Ya mwisho nimepiga, punje imedondoka kama tonge."

"Imezeeka," Matar alisema. "Siku nyingi ilikuwa inawapapasa tu."

Ofisini kwa Revelian kulikuwa na karani Mgoa aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao, naye alikuwa na bunduki mbili za upepo. Alimwambia Revelian azichukue zote mbili, azijaribu mpaka Jumatatu ya wiki inayofuata, abaki na moja.

Jumatano, kabla hawajazijaribu, nilikwenda Yombo kuchuma kisamvu. Nikasikia kitu kinapapatika chini ya mihogo. Alikuwa kwale. Bawa limevunjika, ubavuni ana tundu jeusi, na sisimizi wamekwishaingia ndani. Lakini jicho lake lilikuwa zima, linanitazama. Nilihesabu siku kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nikamvunja shingo, nikamfukia papo hapo, nikanawa mikono kwa maji ya mtoni. Kisamvu nilikichuma chote nilichokusudia, nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu.

Jumamosi baada ya kazi Revelian na Matar walizijaribu bunduki nyuma ya duka, penye ua wa makuti na kichuguu nyuma yake. Matar alitoa mche wa sabuni ya kufulia dukani, akausimamisha hatua ishirini na tano. Nilikaa pembeni kwenye kigoda.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Hata mimi niliishika nikaona ni kama mchi mdogo. Revelian akapiga. Matar akaenda kutazama, akapitisha ukucha juu ya sabuni.

"Imezama kiasi cha kucha. Inachungulia bado."

Ya pili ilikuwa nzito, mtutu mrefu, tundu lake pana zaidi. Kuukunja mtutu tu Revelian alikaza uso. Alipopiga, mche ulianguka. Matar ilimbidi aitafute punje ndani ya sabuni kwa kijiti.

"Hii imefika katikati, ndugu yangu. Mama atafua shuka kwa sabuni yenye kidonda."

"Sabuni ya kwenu hiyo, msitutupie sie," nilimjibu, nao wakacheka.

Kisha walichora duara kwa mkaa kwenye ubao wa sanduku, upana wa kichwa cha kwale. Nyepesi ilipigwa mara tano, tatu zikaingia, mbili zikatoka nje. Nzito punje yake ya kwanza ilikwenda mbali kabisa.

"Umepiga mbingu," Matar alisema.

"Ngoja. Inataka mkono uliotulia." Revelian akapiga goti, akaegemeza kiwiko juu ya gunia la chumvi. Nne zilizofuata ziliingia zote, mbili zimelaliana.

Akasimama, akazilaza bunduki zote mbili juu ya gunia. "Ya kwanza itamwangusha kwale," alisema. "Ya pili itamuua."

"Chukua ya kwanza," nilisema.

Wote wawili wakageuka.

"Mama leo amekuwa fundi wa bunduki," Revelian alisema. "Kwa nini ya kwanza?"

"Ukichukua hiyo kali, Matar atachinja nini? Atakuta ndege keshakufa. Kwao hawatakula. Sinia letu la Jumapili limekwisha."

Revelian akamtazama Matar. Matar alikuwa anafuta kisu kisicho na uchafu.

"Mama anasema kweli," alisema taratibu. "Ila wengine wanaanguka mbali, hatuwaoni. Wengine wanaruka na punje mwilini, na mtu anajua amewapata."

Nilijifanya sikusikia. Nilikuwa najua kuliko yeye, na nikajifanya sikusikia. Revelian hakuwahi kunipinga mbele ya watu, na siku hiyo pia hakunipinga. Alisema, "Basi, Mama, tutachukua nyepesi," akaibeba ile nzito kama mtu anayemrudisha mgeni mlangoni.

Nilikwenda kumpa Bi Bahiya habari njema. Nilimkuta barazani anapeta mchele kwenye ungo.

"Karibu, Bi Koku. Nasikia mmeipiga risasi sabuni yangu. Ilikukosea nini?"

"Ilisimama vibaya," nilisema.

Akacheka, akanisogezea mkeka. Akanimiminia kahawa, akanipa kipande cha kashata kikubwa kuliko alichojiwekea mwenyewe. Kila mara alifanya hivyo, na kila mara alidhani sioni. Nilikitia mdomoni. Nikakitoa, nikakishika mkononi.

"Kimechacha?"

"Hakijachacha, Bi Bahiya. Nina neno."

Nikamwambia yote, kuanzia kile kilichopapatika chini ya mihogo mpaka maneno yangu nyuma ya duka. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alikuwa hai?"

"Hai."

"Tangu Jumapili mpaka Jumatano?"

"Ndiyo."

"Na wewe uliyemwona kwa macho yako ndiye uliyesema wachukue bunduki ya namna ileile."

"Niliogopa," nilisema. "Wakichukua ile kali hutakula tena kwangu. Kwale akiondoka, nitakuita kwa kitu gani?"

Aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. Nilijua kwamba akisema hataki tena kuniona, atakuwa na haki.

"Mtu mzima hovyo," alisema mwishowe. "Unadhani nauburuta mguu huu mpaka kwako kwa ajili ya kwale? Mifupa mitupu. Na tui lako mpaka leo zito kama uji wa mgonjwa. Nilikuwa nanyamaza tu."

Sikujua nicheke au nilie.

Kisha akaacha mzaha. "Sie tumefundishwa kisu kiwe kikali ili mnyama asiteseke. Sasa huyu ateseke siku tatu ili mie nipate paja? Paja hilo silitaki. Nenda kamwambie mwanao achukue ile inayoua. Ale yeye, kwenu inaruhusiwa."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula huu mchele. Humu ndani tulikuwa tunakula kabla Wahaya hawajateremka kwenye treni. Nenda, bwana, kabla hajairudisha."

Nilirudi nyumbani mbio kadiri ya miaka yangu. Revelian alikuwa amekwishaifunga ile nzito kwenye gunia tayari kwa Jumatatu. Nilimwambia habari za yule kwale. Hakunigombeza. Aliifungua kamba ya gunia, akaitoa bunduki, akaupaka mafuta mtutu wake.

"Mama, ningejua," alisema tu.

"Najua. Mie nilijua."

Hiyo nyepesi ndiyo iliyorudi kwa Mgoa. Revelian alijiwekea sharti: hatapiga kwale anayeruka, wala aliye mbali kuliko hatua zile alizopimia sabuni, na akimpata ndege hawatapiga mwingine mpaka wa kwanza aonekane. Matar aliendelea kwenda naye. Jumapili ya kwanza walipiga punje mbili, wakarudi na kwale wawili, na Matar akaniambia hakuna aliyetingisha hata mguu. Wa tatu walimwacha aende, alikuwa amezidi zile hatua ishirini na tano kidogo tu.

Nilimpikia Revelian kwale wake, nikamfunikia. Kisha nikachemsha ndizi na maharage, nikaosha mikono mpaka viwikoni, nikaenda kwa Bi Bahiya. Ilikuwa mara ya kwanza Jumapili mimi kwenda kwake badala ya yeye kuja kwangu. Mlangoni nilisita. Nilisikia akisema na Matar ndani, "Sogeza huo mto, mwenzangu mgongo unamuuma." Sikuwahi kumwambia kwamba mgongo unaniuma.

Tulikula ndizi zangu na wali wake wa nazi. Alisema ndizi hazina chumvi, akala nyingi. Tui lake lilikuwa jepesi na jeupe, na nilipomuuliza analifanyaje alinieleza tena tangu mwanzo, bila kuchoka, kama siku ile ya kwanza.

Jua lilipoinama nilikusanya vyombo. Aliniegemea begani ili asimame, akanisindikiza mpaka kizingitini, ingawa nilimkataza.

"Jumapili uje tena," alisema.

"Huenda nisiwe na kitu cha kuleta, Bi Bahiya."

"Nani kakuuliza utaleta nini? Mie nimesema uje."