Wa Kiti cha Nyuma

Kabla ya kuruka, mkufunzi aliizunguka ndege ndogo ya shule na mwanafunzi wake, binti mmoja, akagusa mabawa, akapima mafuta kwa kijiti, kisha akamtukana. Nusu ya maisha yake alifundisha marubani wa jeshi, na kwake matusi yalikuwa sehemu ya ukaguzi. Sasa alifundisha raia. Nao watamkoma.

Kwenye kiti cha nyuma alikaa Kuruta. Huyu alikufa jeshini, ndege aliyopanda na mkufunzi ilipogonga kilima. Mkufunzi aliwahi kuruka kwa parachuti akapona, akaandika ripoti mwenyewe kwamba kijana aling'ang'ania usukani. Mkufunzi alipohamia uraiani, Kuruta akahamia naye. Fundi alishazoea kupunguza mafuta kidogo kwa ajili ya uzito wake.

Tabu ilikuwa moja. Ndege ya mafunzo ina usukani mara mbili, hivyo anayekabidhi husema, "Shika," na anayepokea hujibu, "Nimeshika." Kila mara binti alipoambiwa ashike, Kuruta alimuwahi kujibu, na ndege ikamtii yeye. Tena alirusha vizuri, mshenzi yule. Binti wa watu akabaki mikono mapajani. Mkufunzi, ambaye hakuwahi kugeuka nyuma, akasema binti ana kichwa kizito. Akishindwa tena, atafukuzwa.

"Mwalimu, si mimi! Ni huyu wa nyuma."

"Funga domo! Kila mzembe ana wake wa kumsingizia."

Hapo Kuruta akasema redioni, taratibu, "Afande, hata siku ile nilikuachia. Ulikuwa umeshika wewe."

Mnara mzima wa kuongozea ndege ulisikia. Mkuu wa shule alisikia pia, kikombe mkononi. Ndege ilipotua akamwita fundi. "Hebu ng'oa ule waya wa redio wa kiti cha nyuma. Kelele zimezidi."

Fundi akang'oa. Mkuu akamuuliza mwanafunzi alichosikia angani. Binti akamtazama mkufunzi, ambaye bila idhini yake hangeruka peke yake hata siku moja.

"Injini tu, mkuu."

Kesho yake akaruka bila mwalimu. Kuruta alimgusa bega, midomo ikienda bila sauti, akimwonyesha mkufunzi aliyesimama kule chini kwenye nyasi.

"Tulia huko nyuma, kaka," binti alisema bila kugeuka. "Mimi nataka leseni."

Alitua laini kabisa. Mkufunzi akaja kumpa mkono, na binti akaupokea kwa mikono miwili.