Mwenzangu wa Msiba

Mke wangu alipofariki, watoto walilia, majirani walilia, nami nilisimama wima kaburini. Bwenini tulifundishwa kulia mto ukiwa usoni, tena kimya, na sijapata kuiacha desturi hiyo. Wageni walipotawanyika, aliyebaki akilia nyumbani ni paka wake.

Kila asubuhi nilimwekea chakula kikavu. Alikisogelea, akakinusa, akalia, akaipiga sahani kwa mguu wa mbele, kisha akakimbilia chini ya kiti cha marehemu huku udenda ukimtiririka.

"Baba, huyu anamlilia Mama kutuzidi sisi," binti yangu alisema.

"Mwache. Anaijua adabu ya msiba."

Sikumlazimisha kula. Hata mimi tonge lilikuwa halinipiti kooni. Tukakonda pamoja, na katika kukonda huko nikaona kwamba nina mwenzangu.

Alipoacha hata maji, binti alimtia kapuni, akatupeleka sote wawili kwa daktari wa wanyama. Daktari, mama mmoja mwenye mikono myepesi, alimfunua mdomo kwa kidole gumba. Harufu ikajaa chumba. Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu kama nyama mbichi. Meno ya nyuma yameoza hadi mizizini.

"Ana msiba," nilimweleza.

"Ana meno, mzee wangu. Njaa anayo, ila kila akitafuna anachomwa. Anaipiga sahani kwa kuwa anadhani ndiyo inayomuuma. Nani alikuwa akimlisha?"

"Marehemu mke wangu."

"Basi alikuwa akimpondea."

Nikauona akilini uma wa mke wangu ukiponda samaki kila jioni, taratibu, naye akimsemesha paka kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nikiita jambo hilo kudekeza.

"Tutayang'oa," daktari alisema. "Lakini amedhoofu. Huenda asiamke kutoka katika usingizi wa dawa. Akiamka, atakula."

Binti alinitazama. Nikakaza roho.

"Yang'oe."

Aliamka.

"Mpokee kibogoyo wako," daktari alitania. "Wapo wenye meno thelathini na mawili na hawana cha kutafuna."

Vidonda vilipofunga, nilimpondea samaki kwa uma uleule. Alikula mpaka sahani ikang'aa, akajilamba, akapanda kiti cha marehemu, akalala fofofo. Hakulia tena.

"Umeona, Baba?" binti alisema akicheka. "Amepona."

"Amepona," nilikubali.

Nikauosha uma, nikaurudisha mahali pake, nikaingia chumbani kuutafuta mto.