Yaliyobaki Chini ya Mabenchi

Jumatatu saa moja asubuhi mfagizi wa kanisa alifungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akanyunyiza maji sakafuni. Bila maji hapafagiliki, maana masengenyo ni mepesi, yakiguswa na ufagio yanapeperuka hadi madirishani. Jana yake waumini walikuwa wamekemea majaribu yao katika ibada zote tatu, na kila jaribu lilianguka pale pale mwenyewe aliposimama. Wivu ulinata kwenye miguu ya mabenchi. Hasira zilishakauka, hizo hazina taabu. Tamaa za mwili zilikuwa bado vuguvugu, nyingi zaidi upande wa kwaya, naye alizizoa bila kuuliza za nani, ingawa alijua.

Walimwita Mama Ufagio. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa. Ndoo ikijaa aliibeba hadi shimoni nyuma ya choo, akamwaga, akafukia. Hakuna aliyewahi kumuuliza vinakwenda wapi. Mtu akishatua mzigo wake, ya nini kuuliza?

Mwaka huo mchungaji aliandaa semina ya Jumamosi nne kuhusu kumpinga adui. Hakupenda maneno ya juu juu, alitaka mtu atoke na kitu cha kufanya. Shika mstari mmoja kichwani. Funga. Mahali panapokujaribu, pakimbie. Tafuta mwenzi wa maombi, umwambie ukweli wote, hata ule wa aibu. Karatasi ziligawiwa, watu wakapangwa wawili wawili. Mama Ufagio alikuwa nje akiosha vikombe vya chai, hakupangwa na mtu.

Tuseme haki, njia zile zilifanya kazi. Jumamosi ya tatu alisimama mwalimu wa hesabu, mtu aliyekuwa akinuka pombe kabla ya kipindi cha kwanza kwa miaka kumi na miwili. Mwenzi wake alimshika bega. Mwalimu akakemea kwa sauti ya kukwama, na kiu yake ikamwagika karibu na nguzo, kidimbwi cha rangi ya chai. Mke wake alilia mpaka akakaa chini. Ilikuwa furaha ya kweli, na atakayebeza hapo ana moyo wa jiwe.

Ila kiu haifagiliki. Mama Ufagio alipiga magoti, akaifuta kwa tambara na kuikamua kwa mikono mitupu. Jumatano viganja vilimwasha. Ijumaa koo likakauka, akaanza kuitamani pombe, kitu ambacho hakuwahi kukiweka mdomoni. Mumewe ndiye aliyeinywa hadi ini likamuua. Siku ya mazishi alimwambia binti yao, "Humu ndani chupa haitaingia tena, mwanangu." Binti alikuwa na miaka sita. Sasa ana kumi na mitano, na neno hilo bado amelishika.

Akaenda ofisini kwa mchungaji.

"Baba Mchungaji, naomba glavu. Na mtu wa kuomba naye."

"Kwani hukupata ile karatasi, mama?"

"Nilizipata nyingi tu, Baba. Nilizifagia."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alimsomea njia zote, polepole. "Na hii hapa ya tatu. Mahali panapokujaribu, pakimbie."

"Ni hapa, Baba. Ni kazini."

Mchungaji akaandika "glavu" kwenye kijitabu. Kamati ilikaa, ikajadili, ikanunua ndoo kubwa yenye mfuniko. Iliombewa mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi.

Basi akajitahidi mwenyewe. Alifunga, ingawa kwa mtu anayekula mara moja kwa siku tofauti haikuonekana. Alirudia mstari wake huku akikamua tambara. Habari za mwalimu zilienea, wakaja madereva, akaja seremala, wote wakafunguliwa, na kila Jumatatu palikuwa na vidimbwi vipya. Alistahimili wiki kumi na moja. Ya kumi na mbili, binti aliikuta chupa nyuma ya kopo la unga, imebaki nusu.

"Ulisema haitaingia."

"Si kiu yangu, mwanangu."

"Hata baba alisema hivyo hivyo."

Binti hakupiga kelele. Alitia sare na vitabu kwenye begi, akahamia kwa shangazi yake. Mama Ufagio alikaa kitandani na kulia kama mtoto.

Jumapili alikwenda ibadani ananuka. Minong'ono ikaanza, makombo ya masengenyo yakadondoka kote. Mchungaji akamwita mbele. Mwalimu wa hesabu, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa maombi, aliomba yeye ndiye amwekee mikono, na alipomwekea machozi yalimtoka, maana njia ile aliijua. Kanisa zima likakemea. Kiu ikamtoka na kumwagika miguuni pake. Mama Ufagio akameza mate, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu yalikuwa mate tu. Alipoinua macho alimwona binti yake mlangoni, begi mkononi.

"Mama, twende nyumbani."

Waumini walikuwa wanatoka. Mwalimu alipandisha suruali kidogo, akakiruka kidimbwi. "Angalieni msiteleze," aliwaambia wa nyuma yake.

"Mama," mchungaji aliita kutoka ofisini, "kuna harusi saa nane. Pakauke, tafadhali."

"Nisubiri kidogo," alimwambia binti. Akavua viatu, akaleta ndoo kubwa na matambara mawili. Binti aliweka begi chini, akaja, akainamia tambara la pili.

"Usiguse!"

Hakuwahi kumkemea hivyo. Binti akarudi mlangoni, akasimama na begi lake kifuani, akitazama.

Mama Ufagio alipiga magoti, akafuta, akakamua. Akafuta tena. Alipokamua mara ya pili, koo likaanza kukauka.