Winchi Iliyokuja Kutaka Radhi

Mwatum alikuwa akimlisha mumewe uji kwa kijiko winchi ilipopiga hodi.

Mkono wa kulia wa Khatib ulikuwa umefungwa vibao. Winchi ya kuvutia nyavu ya boti ya dagaa ilimponyoka pale Tumbe, Pemba, waya ukamzunguka kiganja. Jino la breki lilikuwa limekatika tangu mwaka jana, pahala pake pakafungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila mchukuzi alijua, akipita akisema bismillahi.

Hospitali walisema mkono ukapasuliwe Unguja mapema, ama sivyo utaungana kombo. Mwatum alipoomba gharama, mwenye boti, Bi Asma, alisema kwamba boti kaikodisha, na aliyekodi ndiye ajuaye alivyoitumia. Jecha, aliyekodi, akasema yeye kakodi boti, hakukodi kasoro zake. Wote wawili walikuja kutoa pole, kila mmoja na mkungu wa ndizi, na kila mmoja akamnong'oneza Mwatum amfuate yule mwingine. Mwatum aliwafuata mpaka makubadhi yakakatika.

Basi winchi ikaja yenyewe. Ilipanda kutoka pwani ikiburuta waya, ikajikung'uta kutu mlangoni kama mtu avuavyo viatu. Mwatum akaitandikia mkeka, akaimiminia kahawa. Mgeni ni mgeni.

"Mie ndiye n'lomvunja," ilisema. "Nimekuja kutaka radhi."

"Nishakusamehe," akasema Khatib. "Lakini weye una nini cha kunipeleka Unguja?"

"Sina kitu. Mie mwenyewe ni wa kukodishwa."

Mwatum alipandwa na hasira, si kwa mgeni. Aliwakasirikia wenye damu mwilini, kwa kuwa katika mkasa mzima mwenye haya alikuwa chuma peke yake.

Wakaitwa wote kwa Mzee Hafidh, msuluhishi wa mtaa. Bi Asma na Jecha, ambao siku hizo hawakuwa wakipeana hata salamu, walifika pamoja wakicheka. Winchi ikakiri tena. Mzee Hafidh akaiuliza kama ina akili timamu. Ikajibu kwamba akili inayo, ila jino ndilo ililokosa.

"Aliyekosa kakiri," akasema Mzee Hafidh, "na aliyekosewa kasamehe. Kesi imekwisha."

"Na mkono, Mzee wangu?" akauliza Mwatum.

"Mkono tuuombee dua."

Wakainua mikono. Khatib akainua mmoja.

Giza la dagaa, zile siku zisizo na mwezi, lilipoingia, winchi ikafungwa tena botini, na kipande kipya cha mpira. Jino halikununuliwa. Jecha alieleza, na Bi Asma akaitikia, kwamba chombo chenye kusema hakihitaji breki: kikitaka kuteleza kitatoa taarifa, na atakayeumia baada ya kuambiwa, kajitakia. Watu wakaona ni maneno ya maana.

Mkono wa Khatib uliungana kombo, kiganja kikitazama nyuma. Asubuhi moja alikuwa barazani akijaribu kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto, sauti ikapanda kutoka pwani: "Natelezaa! Jamani, natelezaa!" Kisha mtu akapiga ukelele.

Mwatum akajitanda kanga, akatoka.

"Nani?" akamuuliza jirani aliyekuwa akija mbio.

"Ame, yule bwana harusi wa juzi."

"Alisikia?"

"Kasikia kila mtu," akajibu jirani. "Jecha kashaanza kukusanya mashahidi."