Programu ya Mwalimu Jérôme

Kesho yake Michée alikuwa na mtihani, na kipofu hasomi wino. Shule yao ndogo pale Mudzipela ilikuwa na mashine moja tu ya kutoboa braille, na kompyuta ya Windows iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa imekufa. Iliyobaki ilikuwa ya Linux. Denise, fundi wa shule, alikuwa nayo tangu asubuhi, akijaribu kuhamishia humo programu ya C aliyoiandika mwalimu Jérôme kabla hajahamia Boga.

Compilateur, inayogeuza maandishi ya C kuwa programu, ilimtemea makosa skrini nzima: windows.h, faili la majina ya Windows, haipo, HANDLE siijui, DWORD siijui, WriteFile siijui. Denise, kwa haraka isiyo na baraka, akafuta kila mstari uliolalamikiwa mpaka malalamiko yakaisha. Mashine ikavuta karatasi, ikaitoa. Michée, aliyemwita Denise yaya kama dada mkubwa, akaipapasa juu hadi chini.

"Yaya Denise, hapa hakuna kitu. Iko vide."

Denise alitamani kulia. Akampigia simu Jérôme.

"Ulifuta?" mwalimu akashangaa. "Mutoto yangu, compilateur haikukuambia ufute. Ilikuambia haijui bale bageni. Wakati tulikimbia vita ya Djugu, tukafika kwenu Mbunya, mama yako alitubadilisha majina?"

"Hapana, mwalimu."

"Alituonyesha fasi ya kulala, basi. Rudisha mistari yote. Andika windows.h yako weye mwenyewe, ya kidogo, uonyeshe kila mugeni fasi yake mu Linux."

Denise akarudisha mistari yote. Katika windows.h yake HANDLE ikawa namba ya kawaida, DWORD vilevile, na WriteFile, inayopeleka maandishi kwenye mashine, akaielekeza kwa write, ambayo Linux inaijua tangu kuzaliwa. Makosa yakapukutika, na hakugusa hata neno moja la mwalimu. Moyoni akamshukuru mama yake, ambaye hajawahi kushika kompyuta.

Safari hii mashine iligonga kwa kelele iliyomfurahisha kama ngoma ya arusi. Kabla ya kuchapa mtihani, Denise alijaribu kwa mstari mmoja wake mwenyewe, akapiga tena Boga, akaisogeza simu karibu na Michée.

Vidole vya Michée vikatembea polepole. "Mwalimu Jérôme," akasoma, "kesho Michée anafanya examen. Aksanti."



"Soma tena, Michée," sauti ya mwalimu ikasema.